Kiuno cha Jeshi

Shangazi yangu anaweza kukupa habari za mji mzima kabla hujamaliza kuvua viatu. Nani amegombana na mkwewe, nani ameanza kupaka nywele rangi, daktari gani wa meno naye meno yanamsumbua. Mdomo wake hauna breki, na sisi wa karakana yake tulizoea kushona huku tukisikiliza taarifa ambayo redio yoyote haina. Lakini kuna kitu kimoja ambacho hata umning'inize kichwa chini miguu juu hakitoki, nacho ni kiuno cha mtu.

Kwake yeye kipimo cha mteja ni siri. Mafundi wengine hupima wakitangaza, mpaka wapita njia wanajua umenenepa. Shangazi hupima kimya, midomo ameibana, kisha huenda kwenye meza ya kukatia na kuchora mistari ya chaki. Hachori mmoja. Huchora mingi, mmoja wa kweli na mingine ya uongo, ili anayekatiza karibu na meza asijue upi ndio wa mteja. Yeye mwenyewe anaukumbuka. Mimi mtoto wa kaka yake, niliyekaa miaka na miaka upande wa vifungo, sijawahi kuupatia hata kwa kubahatisha. Wake za watu wamekuja kuuliza kama kweli waume zao wamepungua. Wamepewa chai, wamepewa umbea wa mtaa wa pili, wameondoka wanacheka, na hawakuambiwa kitu.

Chaki yenyewe huichomeka nywelini, ndiyo maana mji wote unamwita Mama Chaki.

Karakana ilikuwa ghorofani, juu ya duka la vyuma, na dirisha letu lilitazama daraja. Ng'ambo ya daraja ni nchi nyingine, tena kubwa. Kwenye ramani ya darasani jina lao limejinyoosha kwa raha zake, letu limebanwa pembeni mpaka herufi za mwisho zimeangukia kwao. Misumari yetu inatoka kwao, balbu zinatoka kwao, sabuni inatoka kwao. Sisi tunawauzia mbao na asali. Wana vifaru vingi kuliko sisi tulivyo na matrekta. Tunawahitaji na tunawaogopa, vyote kwa pamoja, na asubuhi tunaamka tunaenda kazini.

Kazi yetu sisi ilikuwa kushona sare za askari. Na kitambaa cha sare, kaki nzito ya kijani isiyochakaa, kilitoka ng'ambo, kwenye ghala la mwanamke mmoja mnene mwenye goti bovu na kicheko cha kutisha ndege. Shangazi alimwita Jirani. Naye alimwita Shangazi Jirani. Waliitana hivyo muda mrefu hata nadhani majina yao halisi yalibaki kwenye vitambulisho tu.

Walikuwa chanda na pete. Mume wa Shangazi alipofariki, Jirani alivuka daraja na mkoba mmoja, akalala karakanani juu ya meza ya kukatia wiki nzima, kwa sababu Shangazi hakutaka kurudi kwenye chumba chake. Usiku walikuwa wanalia, mchana Jirani anatugombeza sisi kwamba mishono yetu imepinda. Tangu hapo kila siku ya mapumziko alikuja kunywa chai kwenye meza ileile. Na kila jora la kitambaa alilotuuzia, ukilifungua mpaka mwisho, ndani kabisa utakuta kazawadi. Pakiti ya sindano, peremende, siku moja hata kitana. Shangazi alikuwa anafungua majora kama mtoto.

Basi siku moja akaja mtu wa usalama.

Alikuwa mtu mzima wa adabu, mwembamba, kila sentensi yake ikianza na "kwa mujibu wa taratibu", na kabla hajamaliza ngazi tulikuwa tumeshambatiza Bwana Taratibu. Alipokaa, kiti chetu chenye msumari kikamfanyia kama kinavyomfanyia kila mgeni. Tulisikia suruali ikiitikia.

"Vua," Shangazi akamwambia.

"Samahani, mama?"

"Vua suruali, ingia nyuma ya pazia. Mimi siwezi kuongea na serikali imechanika."

Ndivyo mahojiano yalivyofanyika. Mtu wa usalama wa taifa nyuma ya pazia la kupimia, sisi tunaona soksi zake tu, na Shangazi anatia uzi kwenye sindano.

"Mama," sauti ikatoka paziani, "kwa mujibu wa taratibu, yule mwanamke wa ng'ambo unamwambia tuna askari wangapi?"

Cherehani zote zilinyamaza.

"Baba," Shangazi akasema, na kwa sauti ile nilijua mtu kakanyaga pabaya, "mimi sijawahi kumtajia mke kiuno cha mumewe. Leo nikamtajie mgeni jeshi zima?"

"Sijasema umetaja. Naomba tu unisikilize. Kitambaa cha sare zote unanunua kwake, si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Na yeye ameuza kitambaa maisha yake yote. Hajui suruali moja inakula kiasi gani?"

Shangazi akapitisha sindano, akavuta uzi.

"Mwaka tunaoajiri vijana wapya, unachukua majora mengi. Mwaka tusioajiri, unachukua machache. Hahitaji kuambiwa, mama. Na hata kama yeye hana habari na mambo hayo, ghalani kwake wanaingia watu wenye habari nayo."

Mkono wa Shangazi ukasimama na sindano hewani. Nilimwonea huruma. Mwanamke aliyeficha viuno vya mji mzima, na hakuna aliyewahi kumwonyesha kwamba miaka yote hiyo alikuwa akivuka daraja kwenda kutangaza kiuno cha jeshi. Alimalizia mshono, akamkabidhi Bwana Taratibu suruali yake kwa chini ya pazia, na siku hiyo hatukusikia habari yoyote ya mji.

Agizo likafuata. Kitambaa cha sare kisitoke tena ng'ambo, kitoke kiwanda cha nyumbani, na fundi atakayekiuka anyang'anywe kazi. Bila sare sisi sote tungekuwa tumekalia kuti kavu. Shangazi akavuka daraja kwenda kusema mwenyewe. Aliporudi nilimuuliza Jirani kasemaje. "Kasema serikali ni serikali," akajibu, "kisha kanikatia kipande cha keki nile njiani." Akageukia dirishani, akajifanya anatafuta mkasi.

Kitambaa cha nyumbani kilikuja. Machoni hakikuwa na neno. Tukakata, tukashona, tukapiga pasi, tukapeleka. Askari wakavaa wakatoka kwenda kwenye kwata. Kamanda alipotoa amri ya kuchuchumaa, walichuchumaa kwa pamoja kama walivyofundishwa, na uwanja mzima ukatoa mlio mmoja.

Mchana ule ngazi zetu zilijaa askari waliojiziba nyuma kwa kofia. Wengine walipanda kinyumenyume. Shangazi aliwapokea mmoja mmoja bila kucheka, nami nilienda kuchekea stoo, kwenye vifungo, mpaka mbavu zikauma.

Bwana Taratibu akarudi. Safari hii hakuanza na taratibu. Alikaa kwenye kiti kilekile, tukasikia suruali ikiitikia, naye akainuka akaingia paziani mwenyewe bila kuambiwa.

"Nimechoka, mama," akasema akiwa humo. "Kwa kitambaa chao wanatujua. Kwa kitambaa chetu kila mtu anatuona. Wakubwa wananiuliza nifanye nini, na mimi sijui."

Nakiri nilianza kumpenda pale.

Shangazi alimrudishia suruali, akamngoja atoke, kisha akamvuta mpaka kwenye meza. Akachomoa chaki nywelini. Akachora mstari, akachora wa pili, akaendelea mpaka meza ikawa nyeupe.

"Kipimo chako kimo humo," akasema. "Nionyeshe."

Bwana Taratibu akainama, akatazama. "Siwezi kujua. Ni mingi mno."

"Haya. Tununue kwao, maana kitambaa chao ndicho kitambaa. Lakini tununue kingi kuliko tunachohitaji, na kila mwaka kiasi kilekile. Tuajiri, tusiajiri, majora ni yaleyale. Waache wakae na mistari yao wapige hesabu."

"Na kitakachobaki?"

"Cha kubaki niachie mimi."

Jibu la wakubwa lilichelewa, lakini lilikuja. Wamekubali. Kitakachobaki kisiuzwe, kisifanane na sare, na sisi sote wa karakana tukala kiapo, hata mama wa chai. Juu ya yote, sababu yake asiijue mtu yeyote wa ng'ambo.

"Hata yule?" Shangazi akauliza.

"Hasa yule, mama," Bwana Taratibu akasema, na ilionekana wazi kwamba hakufurahia kulisema.

Hivyo ndivyo kaptura zilivyoanza. Kitambaa kilichobaki tulikichovya rangi ya buluu iliyokoza kwenye pipa nyuma ya duka la vyuma, tukakishonea watoto kaptura. Mtaa wa kwanza, wa pili, mpaka kule shule ya msingi inakoishia. Za bure. Hazikuchanika, hata mtoto angeteleza ukutani siku nzima. Tatizo ni kwamba mimi ndiye niliyekuwa nakoroga rangi, na rangi ilikuwa na tabia ya kutoka. Mtoto akitokwa jasho, mapaja yanageuka buluu. Akina mama walikuja juu.

"Mama Chaki, mtoto wangu hatakati! Namsugua mpaka analia!"

"Kaptura imechanika?"

"Haijachanika."

"Basi tushukuru kwa hilo, mwanangu. Kunywa chai."

Jeshi likavaa vizuri, biashara ya darajani ikaendelea, watoto wakawa buluu. Kila upande ulipata chake. Aliyepungukiwa ni Shangazi peke yake.

Kwa sababu Jirani aliona majora yanavyokwenda, naye ni mtu wa utani. "Jirani, jeshi lenu linanenepa!" alisema, akacheka kile kicheko chake. Shangazi akatazama sakafu. Mimi nilikuwepo ghalani kwake, nimeenda kusaidia kubeba. Shangazi anajua kunyamaza, lakini kudanganya hajui kabisa, uso wake wote unamsaliti. Na zaidi ya hapo, hakuweza tena kumruhusu avuke kuja kunywa chai. Angepita vipi mtaani bila kuona? Muuza kitambaa hapiti mbele ya nguo akaangalia pembeni.

Basi visingizio vikaanza. Mara nina mafua. Mara nina wageni. Mara ngazi zetu zinatengenezwa, na wewe na goti lako usije ukaumia. Ngazi zile zilitengenezwa mara nyingi kiasi kwamba nilimwambia Shangazi kwa sasa tungekuwa na mnara. Hakucheka.

Jirani naye akaacha utani. Akawa anatuma majora na dereva. Siku moja lilikuja jora, Shangazi akalifungua mezani, akalikunjua mpaka mwisho kabisa, akapapasa kile kigogo cha katikati. Hakukuwa na sindano, hakukuwa na peremende. Akalikung'uta. Kisha akaanza kulikunja upya taratibu, na nilipotaka kumsaidia akanisukuma mkono. Nilikasirika siku ile. Niliikasirikia serikali yetu, nikaikasirikia ya kwao, nikakasirikia na daraja lenyewe.

"Mwambie tu," nikasema. "Ni Jirani. Unamjua."

"Nimekula kiapo."

"Utampoteza."

"Najua," akasema. "Nipe mkasi."

Wiki chache baadaye, shule zikiwa ndiyo zinatoka, nilikuwa dirishani navuta uzi. Nikamwona Jirani. Anakuja katikati ya barabara na goti lake na mkoba wake, uso umekaza kama mtu anayekwenda kudai jibu. Nikamwita Shangazi, akaja, akashika dirisha. Hatukuwa na la kufanya. Watoto walimiminika kutoka kona ya shule, wakamzunguka Jirani wakimsalimia kama watoto wanavyosalimia. Akasimama. Akamdaka mmoja kwenye pindo la kaptura. Akaligeuza pindo ndani nje, akalisugua kwa kidole gumba, mara moja, mara mbili. Rangi haimdanganyi mtu aliyelala na kitambaa hicho ghalani maisha yake yote. Akamwachia mtoto, akainua uso, akawatazama wengine wakipita. Kaptura ya buluu, kaptura ya buluu, kaptura ya buluu, mtaa mzima. Nikaona midomo yake ikicheza. Alikuwa anapiga hesabu.

Shangazi akavuta kiti akakaa. Kama mwanamke yule angerudi kwao na kusema neno moja, kwamba nusu ya jeshi letu iko darasa la pili, basi mpango wote umekufa, na kazi ya mwenye mpango imekwenda nao, tena huenda asingeishia kunyang'anywa kazi tu.

Tukamsikia anapanda, kidato kwa kidato. Akatokea mlangoni anahema.

"Mbona ngazi ni nzima, Jirani?"

Akaja akakaa mezani, pale alipokuwa akinywa chai. Mbele yake palikuwa na mistari ya chaki ya mteja wa asubuhi. Akaitazama.

"Siku ile ya kwanza ulipokuja ghalani," akasema, "nilikuuliza mumeo anavaa kipimo gani, nimkatie kipande cha zawadi. Ukakataa kunitajia. Nikajisemea, huyu mwanamke ana maringo gani haya. Ikanichukua muda kukuelewa."

"Jirani," Shangazi akaanza.

"Ngoja. Mimi nilidhani umenichoka. Miezi yote hii nilijua umenichoka, nikaona aibu hata kuuliza. Leo nimekuja kuuliza." Akaweka kiganja chake kipana juu ya meza, akaifuta mistari yote, kutoka mwanzo mpaka mwisho. "Sasa siulizi tena. Kiuno cha mtu hakitajwi. Mimi nimepita hapo chini nimeona watoto tu, wana mapaja ya buluu."

Shangazi akaangua kilio. Alilia kwa sauti, mbele yetu sote, na Jirani akazunguka meza na goti lake akamkumbatia. "Nikuchoke wewe?" Shangazi alikuwa anasema. "Nikuchoke wewe?" Mama wa chai alilia, mimi nililia na vifungo mkononi. Kisha Shangazi akajifuta uso, akaitazama meza, akashtuka.

"Umenifutia suruali ya mtu wa posta!"

"Utampima tena. Mtu wa posta ananenepa kila siku."

Walipokwisha kunywa chai, Jirani akasema ana ombi. Ana mjukuu, mtundu, kila nguo inamchanikia. Anaomba kaptura moja.

Nilimtazama Shangazi nikatikisa kichwa. Kumwamini mtu ni jambo moja. Kumpa ushahidi mkononi, avuke nao daraja mbele ya walinzi wa nchi mbili, ni jambo jingine. Shangazi aliniona. Akainuka, akachagua kaptura, akaigeuza kuangalia mishono, akaifunga kwenye karatasi.

Siku zilizofuata hatukuwa na raha. Nilikuwa nikisikia lori darajani najua wamekuja kutukamata. Bwana Taratibu alipita, akakaa kwenye kiti, akaingia paziani, akauliza kama kuna jipya upande wa pili.

"Hakuna," Shangazi akasema huku akishona, na safari hiyo uso wake haukumsaliti hata kidogo. Nadhani kwake haukuwa uongo. Alikuwa tu amekataa kutaja kiuno cha mtu.

Nayasema haya leo kwa sababu siku hizi sare zinashonwa kwingine kabisa, kwa kitambaa kingine, na Bwana Taratibu amestaafu. Ndiye aliyeniambia niyaandike. Huja hapa kunywa chai, na kiti hatujakitengeneza.

Basi baada ya kaptura ile kuvuka, jora lililofuata lililetwa na dereva kama kawaida. Shangazi hakuligusa asubuhi yote. Alilipita akienda, akalipita akirudi, mpaka nikalibeba mwenyewe nikalitupa mezani. Akaanza kulikunjua. Sote tuliacha cherehani tukasogea. Lilipofika mwisho, ikaanguka pakiti ya sindano, na nyuma yake picha.

Mtoto mdogo amesimama mlangoni mwa ghala la ng'ambo, mikono kiunoni, kifua mbele, kaptura yetu imemfika magotini na magoti yenyewe buluu. Shangazi akaigeuza picha. Nyuma Jirani alikuwa ameandika kwa mwandiko wake mkubwa:

"Jirani, jeshi lenu limevuka daraja. Limekataa kuoga."